Mazishi ya Saa Kumi

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo asitokee mtu akadai nimemsema. Serikali yake ni sikivu mno, barabara zake ni nzuri pale zilipo, na wananchi wake wanapendana kiasi kwamba wakikutana watatu hunyamaza, kila mmoja akiwahurumia wenzake wasije wakaponzwa na neno. Mimi ni mtumishi wa Wizara ya Mambo Yaliyopita, cheo changu Mwongoza Wageni Daraja la Pili, na jina langu ni Gaitani. Nasema haya mapema ili ifahamike kwamba sina kinyongo na mtu.

Wizara yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Iliwahi kuwapo ya Mambo Yajayo, ikafutwa kwa kukosa shughuli, na samani zake tukaletewa sisi.

Basi kulikuwa na bonde la mto Ludeta, na bondeni walikaa Wadeta. Walilima mpunga kwenye tope jeusi ambalo mto huwaletea kila masika bila masharti, na watu wa namna hiyo, wasiomtegemea mtu, huisumbua sana serikali. Akaja mwekezaji wa miwa. Alilitazama bonde kutoka kwenye helikopta, akalipenda, akauliza wale wanaotembea kule chini ni kina nani. Wadeta wakaombwa wahame. Waliombwa kwa adabu, wakaombwa kwa barua, wakaombwa kwa mabomu ya machozi. Kila mara walijibu neno lile lile: "Sisi tumezika hapa." Ukimwuliza Mdeta hati ya kiwanja, anakushika mkono anakupeleka kaburini kwa babu yake.

Jambo likafika Bungeni. Akasimama Mheshimiwa Dakta Zefania Mkwizu, Waziri wetu, mtu mwenye sauti nene na shahada ya heshima aliyotunukiwa na chuo alichokianzisha mwenyewe.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "mtu aliye hai ana kiwanja. Mtu aliyeingia kwenye historia ana heshima. Kati ya kiwanja na heshima, kipi kikubwa?"

"Heshima!" likajibu Bunge.

"Basi na tuwaheshimu Wadeta."

Ndivyo ulivyopita Muswada wa Kutambua Kutoweka kwa Wadeta. Hata upinzani uliunga mkono. Mbunge wake aliyesalia alikuwa amelala, na mkoromo wake uliandikwa kwenye kumbukumbu kuwa ni "ndiyo."

Siku ya kuzindua jiwe la kumbukumbu Wadeta wenyewe ndio waliopanga viti na kupika wali wa wageni. Jiwe lilikuwa zuri, limechongwa kwa maandishi ya dhahabu: HAPA WALIISHI WADETA, WATU WAKARIMU. Bibi mmoja mzee aliyeitwa Nambeyu, ambaye hakujua kusoma, alinivuta mkono.

"Mwanangu, pameandikwa nini pale?"

"Pameandikwa kwamba mnaheshimiwa, bibi."

"Mbona Sikudhani analia?"

Sikudhani ni binti yake. Alikuwa amevaa miwani, amelisoma jiwe tangu juu hadi chini.

"Ni furaha, bibi," nikamwambia. Wiki hiyo hiyo malori yalikuja kuwabeba.

*

Walipelekwa Makazi Mapya ya Furaha, uwanda wa mawe ulio mbali, safari ya kutwa nzima kwa lori. Sisi tukafungua bonde kwa wageni. Kaulimbiu ya Wizara ilikuwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone," lakini kibao kilikuwa kifupi, fundi akaandika nusu ya kwanza tu.

Wageni wakaja. Wakapiga picha mto, wakapiga picha jiwe, kisha wakauliza watu wako wapi. Tukawaeleza kwamba wametoweka. Walisikitika sana, wakasema hata hivyo wangependa kuwaona.

Wizara haishindwi na jambo. Ikatangaza nafasi za kazi za Waigizaji wa Wadeta, na usaili ukafanyika mjini. Wadeta nao waliomba, lakini jopo liliona wengi wao hawafai. Mmoja alikataliwa kwa kuvaa fulana ya timu ya mpira. Mwingine simu yake iliita. Sikudhani alikataliwa alipokuwa bado mlangoni.

"Mdeta havai miwani," alisema mwenyekiti wa jopo.

"Mimi ni Mdeta, mzee wangu, na macho yangu ni mabovu."

"Ndiyo maana hujioni ulivyo. Anayefuata!"

Walichukuliwa vijana wa kikundi cha maigizo cha mjini, wenye vifua vipana na meno meupe. Siku ya kwanza tu, mmoja aliteleza kwenye jaruba la mpunga, akaangukia mtoni akaenda na maji mbele ya balozi. Tulimpata mbele kidogo, amekumbatia gogo, akimwita mama yake kwa lugha ya mjini. Baada ya aibu hiyo Wizara ilikubali kuwachukua Wadeta kwa mkataba wa muda, mpaka watakapopatikana wanaofaa. Wakarudi bondeni, wakaingia kwenye nyumba zao wenyewe, wakaanza kujiigiza. Mkataba ulieleza bayana kwamba mwigizaji hana haki yoyote juu ya nyumba anamoigizia.

Meneja wa Bonde alikuwa Bwana Evaristi, aliyehamishiwa kwetu kutoka magereza kwa sababu ya uzoefu wake wa kukaa na watu. Alitunga kanuni. Mabati yaling'olewa, maana watu waliotoweka huezeka kwa nyasi. Redio zikakusanywa. Basi la wageni lilipopiga honi kilimani, Sikudhani alivua miwani yake akaificha kwenye pindo la kanga, akashika mchi na kutwanga kwa kupapasa. Mara nyingine alitwanga pembeni ya kinu, na wageni wakaandika kwamba Wadeta walikuwa na namna yao ya kutwanga.

Kanuni ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote: Aliyetoweka hafi. Ikitokea mwigizaji akafa, mwili wake uondolewe bondeni siku hiyo hiyo kwa lori, ukazikwe Makazi Mapya. Baba yake Sikudhani aliondolewa hivyo, pamoja na wengine. Bwana Evaristi alinieleza sababu yake, na mimi niliona ina mantiki: kaburi jipya kwenye bonde la kale litawachanganya wageni.

*

Ziara yenyewe ilikuwa na vituo vinne. Cha kwanza ni Daraja la Urafiki, ambalo Wadeta walilijenga enzi za mkoloni kwa kuchapwa viboko. Kitabu cha mwongozo kinasema walishiriki kwa mikono yao. Cha pili ni sanamu ya Shujaa wa Kivuko, aliyewazuia wavamizi pale majini zamani sana, kabla babu yake Rais wetu hajazaliwa. Sanamu ina sura ya Rais wetu. Wageni wakiuliza, nawaambia mashujaa hufanana. Cha tatu ni kibanda cha soda.

Cha nne ndicho kilichowaleta wageni kutoka mbali: Msiba wa Asili, kila siku saa kumi jioni, ukingoni mwa mto. Maiti ilikuwa kipande cha mgomba kilichoviringishwa mkekani. Nami nilisimama kwenye kijukwaa, nikaeleza kwa sauti ya taratibu:

"Kwa Wadeta, mzazi akifa, binti yake ndiye hutangulia kaburini. Hushuka, hulala chali kwenye udongo mbichi, akahisi kwa mgongo wake kama pana jiwe. Akilipata hulitoa, ili mzazi alale vizuri. Ndipo marehemu huteremshwa, na kila mtu hutupia udongo kwa mkono. Wakishamaliza huenda mtoni kunawa, na hakuna anayegeuka nyuma. Ukigeuka, umemwita marehemu. Hatalala, atakufuata. Na aliyegeuka hana budi kumzika tena, safari hii amempa mgongo, udongo akiurusha nyuma kupitia begani. Haruhusiwi kumtazama tena, maana macho yake ndiyo yaliyomwamsha."

Wageni walipenda sana hapo pa kugeuka. Wengine walijaribu kuwachekesha waigizaji ili wageuke. Hakugeuka hata mmoja, ingawa waliyemzika ni mgomba.

Mliaji mkuu alikuwa yule Bibi Nambeyu. Alikuwa na sauti nyembamba iliyoanza kama mtu anayemwita mbuzi wake jioni, kisha ikapanda mpaka nywele za mikono zikakusimama. Siku moja, basi lilipoondoka, nilimsifu.

"Bibi, unaigiza kuliko wote."

"Nani anaigiza, mwanangu?" alisema huku akijikung'uta vumbi. "Kule kwenye mawe nina mume na watoto wawili wa kiume. Sikuachwa niwalilie, lori lilikuwa linawahi. Nyinyi mmenipa mgomba na saa ya kulia kila siku. Namaliza viporo vyangu."

 Nilimwandikia alama nzuri kwenye tathmini.

*

Asubuhi ya ziara kubwa, bonde zima lilikuwa na harufu ya chokaa. Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja pamoja na mwekezaji wa miwa na Mama Mfadhili kutoka ng'ambo, ambaye shirika lake lilikuwa linataka kuliingiza bonde letu kwenye orodha ya maajabu yaliyokwisha. Bwana Evaristi alikuwa mtoni akisimamia upakaji chokaa wa mawe. Mimi nilikuwa Kituo cha Nne nikiukagua mgomba. Sikudhani akaja, amevaa miwani yake waziwazi.

"Kaka Gaitani, huo mgomba katupe."

"Umeoza, dada?"

"Mama hakuamka."

"Hakuamka vipi?"

"Kama watu wasivyoamka, kaka."

Hapo mtu mwingine angetoa pole. Mimi nilimsomea kanuni ya kumi na moja, kwa kuwa ndiyo niliyoijua kwa moyo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Lori likija litampeleka kwenye mawe," alisema. "Mimi nililala kwenye kaburi la baba kule. Nikang'oa jiwe, chini yake kuna jiwe. Nikang'oa na hilo, chini yake mwamba. Wakasema binti toka, dereva ana haraka. Baba amelazwa juu ya mwamba, kaka, na mimi ndiye niliyempimia. Nilipotoka mama akautazama mgongo wangu, akaniapisha. Akaniambia, Siku, mimi usinipeleke huko. Mimi nilaze kwenye tope la Ludeta, hata kama ni kwa kuiba."

"Utaibaje kaburi mchana, mbele ya Waziri?"

"Saa kumi si tunazika kila siku? Na leo tutazika."

Nilifikiri kama mtumishi wa umma. Taarifa ya kifo hupelekwa kwa Meneja. Meneja yuko mtoni na chokaa yake, na ameelekeza asisumbuliwe. Kumsumbua Meneja ni utovu wa nidhamu. Basi nikanyamaza, na kunyamaza katika nchi yetu si kosa, wengi wamepandishwa vyeo kwa hilo.

"Mkeka wa maonyesho ni mfupi," nikasema.

"Mama alijisukia wake."

*

Saa kumi ilifika, Waziri hakufika. Alikuwa bado mezani mjini, na Mama Mfadhili, aliyetangulia pamoja na mwekezaji, alikuwa anajipepea kwa kofia. Bwana Evaristi akaamuru tuanze.

Lazima niseme ukweli: kama maonyesho, yalikuwa mabovu. Wadeta waliozoea kulia vizuri kila siku, siku hiyo walilia ovyo. Wengine hawakutoa sauti kabisa, wamefumba vinywa, makamasi yanawatoka. Mzee mmoja alikaa chini katikati ya wimbo na hakunyanyuka. Sauti nyembamba ya kuuongoza wimbo haikuwapo, na kila walipofika mahali pake waliacha nafasi, wakasubiri, wakaendelea. Mgeni aliyekuwa amewahi kuja kabla alimnong'oneza mwenzake kwamba leo hawajitumi.

Sikudhani alishuka kaburini. Akalala. Alikaa mle muda mrefu, na Bwana Evaristi akanikonyeza niharakishe mambo.

"Hapa binti anatafuta jiwe," niliwaambia wageni.

Alipopanda juu alikuwa na changarawe moja ndogo, kama punje ya choroko. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetandika kitanda akaona kimenyooka. Wakamteremsha Bibi Nambeyu kwenye mkeka wake, wakamtupia udongo mweusi wa Ludeta, kila mtu kwa mkono wake, mpaka akafunikwa. Kisha wakageuka wote kuelekea mtoni. Nilihesabu moyoni kwamba jambo limekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliona raha ya kazi.

Ndipo ving'ora vikalia kilimani.

Mheshimiwa Dakta Zefania Mkwizu alishuka garini akijifuta mdomo. "Nimekosa msiba?"

"Kidogo tu, Mheshimiwa!" Bwana Evaristi alikuwa ameshakimbia mpaka pale. "Utarudiwa sasa hivi."

"Vizuri. Mimi ni mpenzi mkubwa wa mila."

Bwana Evaristi akachukua kipaza sauti. "Nyinyi! Rudini! Mheshimiwa amefika, tunaanza upya!"

Wadeta waliendelea kwenda mtoni. Hakugeuka mtu.

"Nasema rudini! Geukeni!"

Migongo ile ilikwenda taratibu, ikaingia majini. Bwana Evaristi alikuwa amenisikia nikieleza mila ile kila siku, lakini kusikia ni kitu kimoja na kusikiliza ni kingine. Yeye aliona kile alichokizoea kazini kwake kwa zamani.

"Mgomo!" akasema kwa sauti ya chini. "Wanagoma mbele ya Waziri. Askari! Fukueni huo mgomba mara moja, waone kwamba hapa hakuna mchezo."

Askari wawili wakashika koleo. Mimi nikamfuata Meneja.

"Bwana Meneja, mgomba mwingine upo. Nauleta mimi mwenyewe, ni dakika tu."

"Mgomba ni mgomba."

"Wa leo uachwe, bwana. Nakuomba uachwe."

Alinitazama kwa mshangao. "Mwongoza Wageni, kazi yako ni mambo yaliyopita. Haya ni ya sasa."

Koleo ikiingia kwenye udongo mbichi ina sauti yake, na aliyefiwa hahitaji kuambiwa. Kule mtoni, wote walikuwa wameinama na mikono majini. Walisikia wote. Niliona mabega yao yakikaza kama ya watu wanaopigwa. Hakuna aliyegeuka, isipokuwa mmoja.

Sikudhani aligeuka, akapanda ukingo mbio, kanga imelowa mpaka magotini.

"Acheni! Acheni jamani! Huyo ni mama yangu! Mama yangu mzazi huyo!"

Mama Mfadhili aliweka mkono kifuani. Akaanza kupiga makofi, na wageni wote wakapiga makofi.

Askari mmoja akafunua mkeka, na makofi yakakatika moja moja, kama mvua inayoacha.

"Lakini huyu..." Bwana Evaristi alisema. "Huyu si Nambeyu, mliaji wetu?"

Mama Mfadhili akanong'ona na mkalimani wake. Mkalimani akauliza kwa adabu, "Mama anataka kujua: huyu ni Mdeta? Ina maana Wadeta bado wanakufa?"

 Hata mimi wa Daraja la Pili niliiona hatari. Anayekufa leo alikuwa hai jana. Kama alikuwa hai jana, Sheria ya Kutoweka ilikuwa imesema uongo, na kama Sheria imesema uongo, bonde lina wenyewe. Mwekezaji wa miwa alikuwa amesimama pale pale, ameshika kofia, akimtazama Waziri wetu jinsi mtu anavyomtazama fundi aliyemjengea nyumba ikavuja.

Lakini uwaziri haupewi mtu hivi hivi. Mheshimiwa Dakta alikohoa, akaweka mguu mmoja juu ya lile rundo la udongo, akanyoosha mkono.

"Mabibi na mabwana! Leo mmeshuhudia jambo la kihistoria. Serikali, kwa koleo zake yenyewe, bila msaada wa kutoka nje, imevumbua mabaki ya Mdeta wa mwisho! Tazameni mkeka huu. Tazameni jinsi alivyohifadhika. Wataalamu wetu watatuambia ni wa karne gani."

"Karne gani!" Sikudhani alipiga kelele. Askari walikuwa wamemshika mikono. "Jana kala ugali na mlenda! Jana kanisuka nywele! Kaka Gaitani, waambie! Waambie jina lake!"

Nilifungua mdomo. Waziri alikuwa ananitazama, na Meneja, na mwekezaji. Nikakohoa, maana vumbi lilikuwa jingi.

"Binti huyu ana kipaji," alisema Mheshimiwa. "Apewe cheti."

Cheti kililetwa pale pale, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshikwa, walimchomekea kwapani.

La kuvunda halina ubani, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na gari la barafu. Letu lilikuwa limeleta vinywaji vya wageni. Wakapakua kreti za bia, wakampakia Bibi Nambeyu, na msafara ukaondoka kwenda mji mkuu ukiwa umewasha taa.

*

Sasa yumo kwenye Makumbusho ya Taifa, Ukumbi wa Kwanza, ndani ya sanduku la kioo kinene chenye taa isiyozimwa. Wataalamu walimpaka dawa zao, wakamkadiria miaka mia tatu. Chini yake pana kibao: MDETA WA MWISHO. MWANAMKE. JINA HALIJULIKANI. Mimi nimepandishwa kuwa Daraja la Kwanza, nahudumu ukumbini humo, na kibao hicho nakisoma kwa sauti kila kundi linapoingia. Wageni huuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nawajibu kwamba utafiti unaendelea.

Bondeni hakuna ziara tena. Mdeta wa mwisho akishapatikana, waigizaji wa nini? Mikataba ilikatishwa na malori yakarudi. Miwa imepandwa mpaka ukingoni, na jiwe la maandishi ya dhahabu wamelihamishia kwenye lango la kiwanda. Wanasema sukari yake ni tamu. Mimi siku hizi nakunywa chai bila sukari, kwa sababu za kiafya.

Sikukuu ya Urithi makumbusho huwa wazi kwa kila raia. Mwaka huu umati ulikuwa mkubwa, na katikati ya umati nilimwona mwanamke akiingia ukumbini kinyumenyume. Watu walimpisha wakicheka, wengine wakadhani amerukwa na akili. Alikuwa amekonda. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Mikono yake miwili ilikumbatia kifurushi cha kanga, na mlinzi alikuwa ameanza kumfuata.

"Mwache," nilimwambia mlinzi. "Huyo ni mgeni wa Wizara."

Nikamshika kiwiko, nikamwelekeza. Alitembea hivyo hivyo kwa mgongo, macho yametazama mlangoni, mpaka visigino vyake vikagusa mguu wa sanduku.

"Nimefika, kaka?"

"Umefika, dada."

"Nilitoroka kule kwenye mawe," alisema. "Kaburi lenyewe hawakulifukia, walipitisha mfereji. Nimeuchota pembeni, palipobaki pakavu."

Akafungua kanga. Ulikuwa udongo wa Ludeta, mweusi, bado una mizizi midogo ya mpunga. Akauchota kwa mkono wa kulia, akaurusha nyuma kupitia begani, akachota tena, akarusha. Watu waliacha kucheka. Udongo ulianguka juu ya kioo ukalia kama mvua ya kwanza juu ya bati, na bati ni kitu ambacho Wadeta walikijua kabla hawajanyang'anywa. Sikudhani akasimama, mkono umebaki hewani.

"Kaka Gaitani, mbona udongo umelia hivyo? Umemfika?"

Nilitazama. Kioo kilikuwa kizima, hakina ufa. Udongo ulikuwa umetapakaa juu yake, na chini yake, kwenye mwanga ule wa mchana usiokwisha, Bibi Nambeyu alikuwa amelala juu ya ubao wa Wizara na mkeka wake umekunjwa pembeni kama kielelezo namba mbili.

"Umemfika, dada."

"Umemfunika?"

"Umemfunika wote."

"Na chini, hakuna jiwe?"

"Hakuna jiwe."

Alishusha pumzi. Akajikung'uta viganja, akaikunja kanga yake vizuri, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, na hakugeuka. Nilisubiri avuke barabara, ndipo nikaenda kuwaita wafagiaji.